Gramu Ishirini za Mtoto Njiti: Namna ya Kumpima, Kumuuliza Mama na Kuandika

Mimi ni muuguzi wa vichanga, Temeke, Dar es Salaam. Miaka saba ya kwanza niliifanya wodini, saba iliyofuata nimeifanya kwenye tafiti za lishe na ukuaji wa watoto waliozaliwa na uzito pungufu. Kila mradi ukianza huletwa vijana wapya kutoka chuo. Kishikwambi wanakijua kuliko mimi. Lakini siku ya kwanza karibu wote hukosea pamoja: mtoto yuko kwenye mzani anapiga mateke, namba inacheza, 1,640, 1,655, 1,635, na mkono unaandika 1,650. Ukimuuliza anakujibu, "Dada, si inakaribia?"

Tupige hesabu tuone inakaribia nini. Mtoto njiti anayekua vizuri huongezeka gramu 15 hivi kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, wengine hufika 20. Mwenye kilo 1.6 anatakiwa kupata gramu 24 kwa siku. Ukimkosea gramu 20, umemnyang'anya karibu siku nzima ya kukua, au umempa siku ambayo hakukua. Rudia hivyo kwa watoto mia tatu, na maziwa yaliyosaidia na yale ambayo hayakusaidia yataonekana sawa kwenye majedwali. Akina mama waliokubali kushiriki, wakapanda daladala na kichanga kifuani kuja kliniki, watakuwa wamehangaika bure. Hilo siwezi kulivumilia, ndiyo maana naandika.

Maneno kwanza. Uzito pungufu ni chini ya gramu 2,500 wakati wa kuzaliwa, haijalishi mimba ilikuwa na wiki ngapi. Chini ya 1,500 ni mdogo sana. Njiti ni aliyezaliwa kabla ya wiki 37. Mtoto anaweza kuwa njiti, anaweza kuwa ametimiza wiki zake lakini hakukua tumboni, anaweza kuwa njiti ambaye pia hakukua tumboni. Watoto hawa hawali sawa wala hawakui sawa, kwa hiyo usiwachanganye kwenye fomu. Tafuta tarehe ya hedhi ya mwisho, tafuta kipimo cha ultrasaundi cha miezi ya mwanzo kama kipo, na uandike umepata wiki kutoka wapi. Mama akikuambia "miezi saba", usigeuze kuwa wiki 28 kwa kichwa chako. Mkumbushe kwa sikukuu: hedhi ya mwisho ilikuwa kabla ya Ramadhani au baada? Kabla ya Pasaka? Wengi hukumbuka vizuri ukiwauliza hivyo.

Fungua pia daftari la wodi ya wazazi uone 2.5 ziko ngapi. Utashangaa. Mtoto wa gramu 2,470 akiandikwa 2.5 amehesabiwa mzima, mama yake anaruhusiwa kama wengine, na hakuna anayemwambia kwamba mtoto huyu anahitaji joto na kunyonya mara nyingi zaidi. Kwenye utafiti, mtoto huyo hata hatutamwona. Kwa sababu hiyo sikubali uzito wa kuzaliwa wa kunakiliwa kama naweza kumpima mwenyewe ndani ya saa 24.

Mzani kabla ya mtoto

Fika mapema, kabla ya pilikapilika za wodi. Mzani uwe wa kidijitali unaosoma gramu 5 au 10. Uweke juu ya meza ngumu isiyotikisika, usiuweke kitandani wala juu ya kabati lenye mguu mfupi. Angalia juu: kama kuna pangaboi, lizime au usogee, maana upepo wake unasukuma sahani ya mzani na namba haitatulia. Halafu weka jiwe la kilo 2 lililohakikiwa. Likisoma 2,000 andika kwenye daftari la mzani, tarehe na jina lako. Likisoma 1,980, usiseme "nitaongeza ishirini kila mara". Mzani huo unawekwa pembeni, unatumika wa akiba. Betri za akiba ziwe mfukoni, umeme wetu unaujua.

Tandika kitambaa kimoja kikavu ulichokipasha joto, kisha bonyeza sufuri kitambaa kikiwa juu. Mtoto akilazwa kwenye plastiki baridi atalia, atajikunja na kupoteza joto, na mtoto wa kilo moja na nusu anapoteza joto haraka kuliko unavyodhani. Chakula alichokula kinaishia kwenye kutafuta joto badala ya kujenga mwili. Watu wa utafiti tusisahau kwamba vipimo vyetu vinaweza kumdhuru tunayempima.

Mtoto akiwa kifuani kwa mama, kwenye kangaroo, yaani amebebwa ngozi kwa ngozi, muombe mama, usimchukue tu. "Mama, naomba tumpime mwanao, tutamrudisha sasa hivi." Kila kitu kiwe tayari kabla hajafunguliwa kanga. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa kangaroo ya mapema uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, kwa watoto 3,211 waliozaliwa na kilo 1 hadi chini ya 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, katika kila mia walifariki 12 ndani ya siku 28. Waliosubirishwa mpaka hali itulie walifariki karibu 16. Kwa hiyo unapomtoa mtoto kifuani kwa dakika kumi ili ujaze fomu yako, ujue unamwondoa kwenye tiba. Mimi natumia dakika tatu.

Mvue nguo zote, nepi pia. Soksi na kofia ni gramu, na nepi yenye mkojo ni gramu nyingi zaidi. Kama ana mpira wa kulishia puani au kanula (kimpira cha dripu) mkononi, usivitoe. Kuwa na mpira wa aina ileile na kanula ya aina ileile, vipime peke yake, uandike umetoa gramu ngapi. Pima kabla ya kula, na kila siku saa ileile, kwa sababu maziwa mililita 30 tumboni ni kama gramu 30. Weka viganja vyako juu yake bila kumgusa, subiri atulie. Wakati mwingine unasubiri pumzi nne, tano. Mzani wenye kitufe cha kushikilia namba ni msaada mkubwa.

Kisha mtoe mtoto mzanini, mwenzako apime upya bila kuona ulichoandika wewe. Hapa ndipo vijana huchoka na kuanza kuoneshana. Msioneshane. Sisi tunakubali tofauti ya gramu 10 kwenye uzito. Ikizidi, wote wawili mnarudia. Urefu tunakubali milimita 7, kichwa milimita 5.

Mwambie mama namba hiyo kabla ya kuiingiza kwenye kishikwambi. Amekaa usiku kucha anakamua maziwa kwa ajili ya gramu hizo.

Urefu ni kazi ya watu wawili na ubao, wala si tepu kitandani. Mmoja anashika kichwa, utosi uguse ubao wa juu, macho ya mtoto yatazame darini. Mwingine anashika magoti kwa upole, ananyoosha, analeta ubao wa chini kwenye nyayo. Kichanga hanyooki kabisa, usimlazimishe. Mtoto mwenye oksijeni au mgonjwa usimpime urefu siku hiyo, andika sababu. Kichwa ni tepu isiyovutika, juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio, ipite pale nyuma palipotokeza zaidi. Aliyezaliwa kwa njia ya kawaida kichwa chake kinaweza kuwa kimebanwa na kurefuka, kwa hiyo kipime tena baada ya siku moja au mbili.

Kumuuliza mama mtoto anakula nini

Ukikosea hapa hakuna jiwe la kilo 2 la kukusahihisha.

Usiulize, "Unamnyonyesha maziwa yako pekee?" Kila mama ameshafundishwa jibu hilo kliniki, atakuambia ndiyo hata kabla hujamaliza swali. Uliza kuanzia jana wakati kama huu hadi sasa, kitu gani kimeingia kinywani mwa mtoto, na umsomee kimoja kimoja kwa majina ya nyumbani: maji, maji ya sukari, glukosi, chai, uji, maziwa ya kopo, maziwa ya ng'ombe, asali, dawa ya mchango, dawa ya hospitali. Soma vyote kwa sauti ileile. Ukifika kwenye dawa ya mchango ukakunja uso, hutapata ukweli tena mpaka mwisho wa dodoso.

Na usimuulize mama peke yake kama nyumbani kuna mwingine anayemshika mtoto. Nilimtembelea mama mmoja Mbagala, mtoto ana siku 28, alizaliwa na gramu 1,710. Wiki mbili za mwanzo alikwenda vizuri, kisha uzito ukasimama. Mama akanijibu, "Maziwa yangu tu, sista." Bibi wa mtoto alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele. Nilikuwa nimeshamwamkia, nikakaa karibu yake.

"Bibi, huyu mjukuu wako usiku akilia mnambembelezaje?"

"Ah, mwanangu, mama yake anachoka. Mimi namchukua, namlambisha kimaji cha sukari, kijiko, viwili. Tumbo linamnyonga huyu."

Mama akainamisha uso. Hakuwa akijua, au alijua na hakuwa na la kusema mbele ya mkwe wake. Nikaandika: maji ya sukari, kijiko 1 hadi 2, usiku, anayempa ni bibi. Sikumkatiza wala sikumkemea. Nilipofunga dodoso ndipo nikamwambia, "Bibi, tumbo la mtoto huyu ni dogo kama limau. Kijiko cha maji kikiingia, kijiko cha maziwa kinakosa nafasi. Akilia usiku, wewe ndiye umwamshe mama anyonyeshe, kisha umchukue umweke kifuani kwako." Akauliza kama na yeye anaruhusiwa kangaroo. Anaruhusiwa, na baba pia. Wiki iliyofuata nilimkuta bibi ndiye aliyembeba mtoto ndani ya kanga.

Ona mpangilio huo: kwanza andika, kisha fundisha. Ukifundisha katikati ya maswali, majibu yanayofuata yatakuwa ya kukufurahisha wewe. Lakini kuondoka bila kufundisha, eti kwa sababu "ni utafiti", hakukubaliki. Protokali nzuri, yaani mpango ulioandikwa wa utafiti, huwa na nafasi ya ushauri, na unauandika kwamba umeutoa.

Kiasi nacho kina mtego wake. "Nampa nusu kikombe" ni kikombe gani? Omba akioneshe, atie maji mpaka pale anapotia maziwa, uvute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, usome mililita. Kwa anayelishwa kwa kikombe, mengine humwagika kidevuni. Pima kitambaa cha shingoni kabla na baada, tofauti yake ndiyo maziwa ambayo hayakuingia. Kwa anayenyonya titi, mpime na nguo zake kabla ya kunyonya, kisha na nguo zilezile baada ya kunyonya, hata kama amejisaidia usibadilishe nepi kwanza. Tofauti kwa gramu ni karibu sawa na mililita alizopata. Usifanye hivyo kila siku, maana mama ataanza kuogopa titi lake halitoshi.

Kuhusu dawa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2022 unapendekeza madini ya chuma miligramu 2 hadi 4 kwa kila kilo kwa siku kwa watoto hawa wanaotumia maziwa ya mama, na vitamini D kila siku, hadi miezi sita. Usiulize kama anampa. Omba chupa, weka alama ya kalamu kwenye kimo cha dawa, rudi wiki ijayo uangalie imeshuka wapi.

Hesabu ya ukuaji yenyewe

Mtoto wa mfano: alizaliwa na gramu 1,620. Siku ya saba ana 1,500. Amepungua 120, yaani asilimia 7.4, na hilo ni la kawaida; ikivuka 10 ndipo muite daktari. Siku ya 14 ana 1,640, amerudisha uzito wake wa kuzaliwa. Siku ya 21 ana 1,815. Kati ya siku hizo saba amepata 175, kwa siku ni 25. Gawa kwa wastani wa uzito wa wiki hiyo kwa kilo, yaani 1.73. Unapata gramu 14.5 kwa kilo kwa siku. Amekaribia 15, anaendelea vizuri.

Kama bado anakunywa maziwa ya kukamua na daktari ameandika mililita 160 kwa kilo kwa siku, mtoto wa 1,640 anahitaji mililita 262 kwa siku. Akila kila baada ya saa tatu ni mara nane, kama mililita 33 kila mlo. Ukikuta karatasi ya kitandani imeandikwa 25 tangu wiki iliyopita, umepata sababu ya uzito kusimama kabla ya kutafuta ugonjwa. Nimeiona zaidi ya mara moja: mtoto amekua, kiasi cha maziwa hakikuongezwa. Mwambie muuguzi wa zamu hapo hapo, usisubiri kikao cha takwimu.

Kwenye chati, umri uwe wa kusahihishwa. Aliyezaliwa wiki ya 32 aliwahi kwa wiki nane. Akitimiza miezi sita ya kalenda, umri wake wa kusahihishwa ni kama miezi minne. Kumlinganisha na wa miezi sita aliyetimiza wiki zake ni kumwonea. Tunatumia chati za kimataifa za ukuaji za INTERGROWTH-21st kwa njiti hadi wiki 64 tangu hedhi ya mwisho ya mama, kisha tunahamia za WHO. Napenda kuwaambia akina mama kwamba miongoni mwa watoto waliopimwa kutengeneza chati za INTERGROWTH-21st wako wa Nairobi na wa Muscat, kwa sababu wengine hudhani tunawapima kwa watoto wa Ulaya.

Na mtoto asiyenyonya, anayehema mara 60 au zaidi kwa dakika, aliye wa baridi chini ya 35.5 au wa moto kuanzia 37.5, mwenye degedege, mwenye manjano iliyofika viganjani: fomu inafungwa, mtoto anakimbizwa kwa daktari. Utafiti utamsubiri.

Ridhaa, na kumpata mama tena

Ridhaa haiombwi leba, wala kwa mama anayetoka kwenye upasuaji akitetemeka. Mwache anywe chai, amwone mtoto. Msomee fomu kwa Kiswahili cha kawaida, umuombe akueleze alivyoelewa. Akisema "mtampa mwanangu dawa nzuri", hajaelewa, anza upya. Akitaka kuongea na mumewe, mpe muda. Asiyeandika ataweka dole gumba mbele ya shahidi asiye mtu wa mradi. Fomu iwe na muhuri wa kibali cha kamati ya maadili, ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na ya taasisi yako, na umwoneshe.

Kisha swali ambalo karibu kila mradi husahau: "Arobaini utakaa wapi?" Wengi wetu mtoto wa kwanza tunakwenda kujiuguza kwa mama, Kilwa, Tanga, Morogoro. Ukiandika anwani ya Temeke tu, siku ya 28 utagonga mlango utafunguliwa na mpangaji mwingine, na mtoto mzima anayenyonya vizuri Tanga ataandikwa amepotea. Chukua namba mbili za simu, ya kwake na ya mtu asiyehama. Chukua jina la mjumbe. Andika nyumba kwa alama zake: nyuma ya msikiti, geti la bluu, mkabala na mashine ya kusaga.

Kabla ya kupiga simu yoyote ya ufuatiliaji, pitia daftari la vifo la wodi. Mimi sikupitia siku moja. Nilimpigia mama wa wiki ya sita, nikamwambia kwa sauti ya uchangamfu kwamba kesho ni zamu ya mwanetu kupimwa. Akanyamaza, kisha akasema, "Sista, tulimzika Ijumaa." Sauti ile bado ninayo.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukisikia msiba, mpe pole na usiulize kitu chochote. Mpigie mtafiti mkuu, taarifa iandikwe ndani ya saa 24 kwa yale yaliyoko kwenye faili la hospitali. Nenda msibani na mwenzako, bila kishikwambi na bila fulana ya mradi. Dodoso la kifo lisubiri muda uliowekwa na protokali, na hata muda huo ukifika, omba kwanza kama yuko tayari. Na siku hiyohiyo, kabla hujapanda daladala kurudi kwako, ingia kwenye mfumo uzime ujumbe mfupi wa kumkumbusha kliniki, wote mpaka wa mwezi wa sita, kwa sababu mashine haijui na itamtumia.